Wayo uliokaa vibaya baada ya kuumia mguu: soli, kiinua kisigino, bamba au upasuaji?

Plasta imeondolewa, mfupa umeunga, lakini wayo haujarudi ulivyokuwa. Unatazama pembeni, au unalalia ukingo wa nje, au ncha ya kiatu inakwaruza sakafu kila hatua. Hapo wengi hukimbilia soli za ndani kwa sababu zinapatikana kirahisi na hazihitaji miadi na mtu. Baadhi yao zinawasaidia. Wengine ni kama wameweka kabari chini ya mlango ilhali kilichopinda ni bawaba.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyevunjika muundi, aliyevunjika au kuteguka kifundo, aliyekatika kano, au aliyeumia neva ya mguu, na sasa ameruhusiwa kukanyagia uzito wote. Aliye bado kwenye plasta, au ambaye mfupa haujaunga, afuate ratiba ya daktari wake wa mifupa. Neno wayo hapa ni sehemu yote kuanzia kifundo hadi vidole.

## Kabla ya kuchagua: je, unanyooka kwa mkono?

Keti mezani, miguu ining'inie. Mtu mwingine akamate kisigino kwa mkono mmoja na sehemu ya mbele ya wayo kwa mkono wa pili, kisha aulete polepole ukae sawa na muundi. Wayo unaokubali, hata kama unarudi kombo ukiachiwa, ni wayo laini: kasoro iko kwenye misuli, kano au neva. Unaogota mapema, kama droo iliyokwama, umekakamaa: kovu, kiungo au mfupa wenyewe umeubana.

Jibu la kipimo hiki linabeba karibu uamuzi wote. Chukua visigino viwili vilivyoinamia ndani, kiasi kwamba uzito unaangukia ukingo wa nje na kiatu kinalika upande huo. Ukivitazama kwa nyuma vinafanana. Kilicho laini huwekewa kabari upande wa nje, ili kisukumwe kirudi wima. Kilichokakamaa huwekewa kabari upande wa ndani, kujaza pengo lililobaki kati ya wayo na kiatu, yaani ardhi inapandishwa ikutane nacho. Zibadilishe kabari hizo uone: kile kigumu kinasukumwa na hakisogei, nguvu inapanda kwenye kifundo na ubavuni mwa goti, na baada ya siku chache mtu anasema soli zimemwumiza. Soli haina kosa, upande ndio wenye kosa.

Kwa wayo unaolalia nje ongeza kipimo kingine kinachohitaji kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 2.5 tu. Simama juu yake kwa kisigino na ukingo wa nje, huku kidole gumba na fundo lililo nyuma yake vikishuka nje ya ubao. Mtu akutazame kwa nyuma. Kisigino kikinyooka, tatizo limeanzia mbele: upande wa kidole gumba umesukumwa chini kuliko inavyotakiwa na unakibinua kisigino. Soli yenye shimo au sehemu laini chini ya fundo hilo itafanya kazi kubwa. Kisipobadilika, kisigino chenyewe ndicho kilichokaza.

Vimebaki vipimo vitatu vya kupanga tatizo mahali pake.

Cha kwanza ni cha ukuta. Simama peku ukiutazama ukuta, sukuma goti liuguse bila kisigino kunyanyuka. Rudisha wayo nyuma kidogo kidogo hadi mwisho wa uwezo wako, kisha pima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Rudia kwa mguu mzima, huo ndio rula yako. Kila sentimita moja ni takriban digrii 3.6 za kifundo, hivyo pengo la sentimita 2 au zaidi si la kupuuza.

Cha pili ni cha mzunguko. Lala kifudifudi, kunja magoti hadi pembe mraba, nyayo zitazame dari. Mtu asimame juu yako apige picha. Kwa watu wazima wengi wayo huelekea nje ya mstari wa paja kwa digrii 10 hadi 15. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya miguu yako miwili. Kisha tembea ukitazamwa kwa mbele. Pia ya goti ikitazama mbele huku wayo ukitazama pembeni, mpindo uko chini ya goti. Pia nayo ikigeuka, anza kutazama paja na nyonga.

Cha tatu ni urefu. Simama wima, weka vibao vyenye unene unaojulikana chini ya mguu mfupi hadi mifupa ya kiuno ikae sawa pande zote mbili. Jumla ya vibao ndiyo pengo. Njia hii inafaa kuliko utepe wa fundi nguo, kwa sababu inahesabu na kilichopotea ndani ya wayo wenyewe.

Lakini kuna mtego. Kifundo kilichokwama kikiwa kimeelekea chini, kama cha mtu anayesimamia vidole, huufanya mguu huo uwe *mrefu* kiutendaji hata kama mfupa umepungua. Mtu huyo husukuma goti nyuma au huinua nyonga apitishe wayo. Akiongezewa kisigino chini ya mguu huohuo ili kifundo kipumzike, mguu wa pili nao unahitaji kuinuliwa, vinginevyo kiuno kinalala upande. Huu mguu wa pili ndio unaosahaulika zaidi.

## Kifundo kilichokaza: kunyoosha, plasta za mfululizo, au kiatu kinachobingirika

Rudi kwenye ukuta, safari hii usikilize *wapi* panakataa. Mvuto ukiwa nyuma, kwenye kigimbi, kilichofupika ni msuli na kano. Ukihisi kubanwa kwa mbele, ndani ya kiungo, ni mfupa, kovu au wakati mwingine chuma kilichobaki. Mvuto wa nyuma unatibika kwa kunyoosha. Kubanwa kwa mbele hakutibiki hivyo, na ukilazimisha kila siku unazidi kukichokoza kiungo.

Kunyoosha kwenyewe ni sekunde 30, mara 3 au 4, goti likiwa limenyooka, halafu idadi hiyohiyo goti likiwa limekunjwa kidogo, mara 2 kwa siku. Mikao miwili ina sababu yake. Msuli wa juu wa kigimbi unavuka goti, wa ndani hauvuki. Kifundo kikikataa goti likinyooka tu, msuli wa juu ndio mfupi. Kikikataa na goti likikunjwa, msuli wa ndani, kano au kiungo nacho kimehusika.

Kosa linaloharibu miezi ya mazoezi ni kuacha vidole vitazame nje wakati wa kunyoosha. Wayo ukielekea nje, upinde wa katikati unaporomoka na kuazima mwendo ambao kifundo kimekataa kutoa. Unaona goti linasogea mbele, unafurahi, kumbe kifundo hakijapata kitu na sasa wayo unaanza kuwa bapa. Elekeza kidole cha pili mbele moja kwa moja, weka taulo iliyokunjwa, unene wa kama sentimita moja, chini ya ukingo wa ndani wa wayo, ndipo uegemee.

Wiki 6 hadi 8 za kunyoosha kwa uaminifu bila hata sentimita moja ya ziada ukutani ni ishara ya kubadili njia. Plasta za mfululizo hufungwa kifundo kikiwa kwenye mwisho wa mwendo wake, zikabadilishwa kila wiki moja au mbili, kila moja ikiongeza digrii chache. Zinavuta saa 24, jambo ambalo hakuna mazoezi yanayoliweza. Hasara yake ni kukonda kwa msuli, ngozi kuchubuka, na hatari kwa mtu asiyehisi vizuri kwenye ngozi. Huyo asifungwe bila uangalizi wa karibu sana. Bamba la usiku, yaani kifaa kigumu kinachoshika kigimbi na wayo, liko katikati ya njia hizo mbili: linalinda kilichopatikana mchana, lakini lenyewe haliongezi mengi.

Kama kiungo kimegota kwa mfupa na upasuaji hautakiwi, acha kupigana nacho. Kiatu chenye soli iliyopindwa kama mguu wa kiti cha kubembea hukupitisha mbele bila kifundo kukunja. Kinatakiwa kiwe kigumu. Soli iliyopindwa lakini inayokunjika mikononi haibingirishi chochote. Kisigino cha sponji laini upande wa nyuma husaidia pia wakati wa kukanyaga.

## Wayo ulioporomoka au unaolalia nje: soli ya kununua au ya kupimiwa

Jibu la haraka: anza na ya kununua kama wayo ni laini, ngozi inahisi vizuri, na umbo halijaachana sana na la wayo mwingine. Kwa maumivu ya kawaida ya kisigino, tafiti hazijaonyesha kwamba soli za kupimiwa zinazishinda za kununua kwa kiasi kikubwa. Baada ya jeraha mambo hubadilika kwa sababu miguu miwili ya mtu mmoja si pacha tena, na soli za dukani huuzwa kwa jozi inayofanana.

Soli ya kununua ikague hivi. Bonyeza upinde wake kwa kidole gumba. Ukizama hadi chini ni mto, hautashikilia kitu. Kikombe cha kisigino kiwe na kina cha kutosha kukumbatia nyama ya kisigino pande zote. Iwe ya urefu mzima wa kiatu kama utahitaji kubandika kabari chini yake. Kisha toa soli iliyokuja na kiatu. Kurundika soli mbili hunyanyua kisigino nje ya mkono wa kiatu, na wayo unaanza kuyumba kuliko mwanzo.

Kabla ya kulipia soli ya kupimiwa, fanya jaribio la bei ndogo: kata kabari ya mpira mgumu wa sponji au kizibo yenye unene wa milimita 3 hadi 5 upande mmoja, ikiishia sifuri upande wa pili, uibandike chini ya kisigino cha soli ya kununua kwa utepe. Wayo laini ulioporomoka huwekewa upande wa ndani. Tembea nayo kwa wiki moja. Maumivu yakipungua, umempa mpimaji taarifa nzuri kuliko picha yoyote. Goti likianza kulalamika, umezidisha au umekosea upande.

Soli ya kupimiwa inastahili kama wayo umekakamaa, kama kuna kovu au chuma kinachogusa kiatu, kama miguu inahitaji vitu viwili tofauti, au kama hisia za ngozi zimepungua. Uliza umbo linachukuliwaje. Kwa wayo laini, mpimaji huushika kwenye mkao uliorekebishwa wakati plasta au sponji inachukua umbo. Ukisimama tu kwa uzito wako wote juu ya sponji, kilichochukuliwa ni picha ya kasoro yenyewe, na soli itaifuata kwa uaminifu. Kwa wayo mgumu mkao huo si kosa, kwa sababu hapo umbo lenyewe ndilo linalohitajika.

Na soli inaishia wapi uwezo wake? Simama kwa mguu mmoja uliojeruhiwa, shika ukuta kwa vidole viwili tu, panda kwenye vidole vya mguu. Mtu mzima mwenye kigimbi kizima hufikisha mara 20 au zaidi. Anayeshindwa hata mara moja, au anayepanda lakini kisigino hakigeuki kuelekea ndani, huenda kano inayoshikilia upinde imelegea au imechanika. Kwa huyo soli peke yake ni kuchelewesha. Anahitaji kifaa kinachopanda juu ya kifundo na daktari wa kuitazama kano. Wengine waanze mazoezi: kupanda kwa miguu yote miwili mpira mdogo ukiwa umebanwa kati ya visigino, seti 3 za 15, kisha kupanda kwa miwili na kushuka kwa mmoja. Nguvu ya kuaminika huja baada ya wiki 12 hivi, hata kama mabadiliko ya kwanza yanaonekana mapema.

Kiatu chenyewe kina mchango ambao soli haiwezi kuufidia. Kiwe na kamba au velkro, mgongo wa nyuma usiobonyea, na kikunjike kwenye vidole tu, si katikati. Kwa anayegeuka kifundo kwenda nje mara kwa mara, fundi viatu anaweza kupanua soli ya nje kwa milimita 5 hadi 10 upande huo. Kinaonekana kama kiatu chenye ukingo. Husaidia kuzuia kuteguka, na bado watu wachache hukiomba.

Vidole vilivyojikunja kama kucha za ndege ni suala la pembeni, ila jaribu hili: inua wayo juu, vinajikunja, ushushe chini, vinanyooka. Hiyo ni kano iliyonaswa kwenye kovu la muundi. Kiatu chenye nafasi ya juu kitapunguza mchubuko, lakini kunyoosha vidole hakutaiachia kano. Kuiachia au kuirefusha ni kazi ya daktari wa upasuaji.

## Mguu mfupi: kuinua ndani ya kiatu au chini ya soli

Chini ya sentimita 1, wengi hawahitaji chochote isipokuwa mgongo au nyonga inauma. Kuanzia hapo hadi takriban sentimita 2 ni eneo la kiinua. Zaidi ya hapo kiinua bado kinafanya kazi, lakini uzito na ugumu wake vinaanza kuwa tatizo jipya, na upasuaji wa kurefusha au kusawazisha unaingia kwenye mazungumzo.

Ndani ya kiatu kinaingia milimita 10 tu, tena kwa kiatu chenye kina. Ukizidisha, kisigino kinachomoka kila hatua. Anza na milimita 5, ongeza 3 kila wiki moja au mbili, uache mwili uzoee. Faida yake ni kwamba unakihamisha kutoka kiatu hadi kiatu na hakionekani.

Kinachozidi milimita 10 kiende chini ya soli ya nje, na kisiishie kisigino peke yake. Kuinua kisigino tu kwa sentimita 2 ni kumvalisha mtu kiatu cha mchuchumio upande mmoja: uzito unakimbilia vidoleni na kigimbi kinafupika mwezi hadi mwezi. Mwambie fundi ateremshe kwa mteremko: sentimita 2 kisigino, karibu 1.5 chini ya mafundo yaliyo nyuma ya vidole, chini ya 1 kwenye ncha, na ncha iinuliwe kidogo ibingirike, maana soli nene haikunjiki.

Usifidie pengo lote. Acha milimita 5 hadi 10 bila kujaza, hasa kama wayo wa mguu huo pia unaning'inia, kwa sababu mguu mfupi kidogo hupita juu ya ardhi bila kujikwaa.

## Wayo unaoning'inia: kifaa kipi cha kuuinua

Neva inayoinua wayo huzunguka shingo ya mfupa mwembamba wa nje, chini kidogo ya goti, ikiwa karibu sana na ngozi. Kuvunjika mahali hapo, plasta iliyobana, au pigo tu, hutosha kuizima. Dalili ni hatua ya juu kama ya mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo, na wayo unaoanguka kwa kishindo. Ukianza ghafla, hasa ukiwa bado na plasta, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Neva ikiwa haijakatika, nyuzi zake zilizoharibika hukua upya takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka shingo ya mfupa huo hadi msuli wenyewe ni sentimita kadhaa, hivyo kusubiri ni kwa miezi. Muda wote huo kifaa kina kazi mbili: kukuzuia kujikwaa, na kuzuia kigimbi kisifupike. Ya pili haifanywi na kila kifaa.

| Kifaa | Kinafaa | Kinapokosea |
|---|---|---|
| Kamba ya mpira kutoka matundu ya kiatu hadi mkanda wa kifundo | Udhaifu mdogo, kifundo imara, matembezi mafupi | Hakizuii kugeuka pembeni, mpira hulegea, hakilindi kigimbi usiku |
| Bamba jembamba la plastiki nyuma ya kigimbi | Kuning'inia kwa kawaida bila misuli kukaza | Wayo ukilalia nje, linapinda nao |
| Bamba pana linalofunika vifundo | Wayo unaolalia nje lakini bado unanyooka | Zito, joto, hudai kiatu kikubwa zaidi |
| Bamba lenye bawaba | Anayepanda ngazi na miinuko, goti lenye nguvu | Kifundo kikiwa kimekaza, bawaba haina cha kufanya |
| Bamba la kaboni | Anayetembea sana. Jepesi na hurudisha nguvu | Halifinyangiki kwa joto, hivyo marekebisho ni machache. Halifai wayo uliopinda sana |

Bamba jembamba ndilo linalogawiwa zaidi, na kwa wengi ni chaguo sahihi. Linapokosewa ni kwa mtu ambaye misuli ya upande wa nje nayo imezimika: wayo unainuliwa lakini unatua kwa ukingo. Mwangalie kwa nyuma akitembea na bamba, si akiwa ameketi kwenye kiti cha mpimaji.

Kuna pia mashine ndogo za umeme zinazofungwa chini ya goti na kuamsha msuli kila hatua. Zinawafaa waliopata kiharusi, kwa kuwa neva zao za mguu ni nzima na kilichokatika ni amri kutoka juu. Neva ikiwa imekufa mguuni kwenyewe, umeme huo hauna njia ya kupita. Usinunue kabla ya kipimo cha umeme wa neva na misuli, ambacho huanza kutoa picha ya kuaminika wiki 3 hadi 4 baada ya kuumia.

Bamba likifika, vaa saa 1 siku ya kwanza, ongeza saa moja kila siku. Soksi iwe ndefu kupita bamba na isiwe na mshono mnene. Kila ukivua, tazama ngozi kwenye vifundo, kisigino na kichwa cha mfupa wa nje wa chini ya goti. Wekundu unaofifia ndani ya dakika 20 hadi 30 ni wa kawaida. Usiofifia ni mahali pa kurekebishwa kwa kupashwa moto, na hadi hapo bamba livuliwe. Asiyehisi ngozi atumie kioo, asitegemee maumivu kumwambia.

Jambo la mwisho kuhusu mabamba: hutengenezwa kwa urefu fulani wa kisigino cha kiatu. Bamba lililopimwa kwa kisigino cha sentimita 1 likiingizwa kwenye kiatu bapa, muundi unarudi nyuma na goti linasukumwa kinyume. Ukibadili kiatu, linganisha kisigino kwanza.

## Wayo unaotazama pembeni: hapa ni mfupa

Mfupa uliounga ukiwa umezunguka haurudishwi na soli, bamba wala mazoezi. Mtu anaweza kujilazimisha kunyoosha wayo anapotembea, lakini anafanya hivyo kwa kuzungusha nyonga au kulibana goti, na maumivu yanahamia huko. Tukiwa wakweli, soli inayouzwa kwa ahadi ya kunyoosha mzunguko ni biashara tu.

Madaktari wa mifupa kwa kawaida huvumilia muundi uliounga ukiwa umepinda chini ya digrii 5 kwenda ndani au nje, chini ya 10 kwenda mbele au nyuma, chini ya 10 za mzunguko, na kufupika chini ya sentimita 1. Kuvuka mipaka hiyo hakumaanishi upasuaji moja kwa moja. Wapo wenye digrii 15 za mzunguko wasiolalamika, na mwili usiolalamika hauhitaji kukatwa. Anayelalamika apimwe mzunguko kwa picha za siti skani za miguu yote miwili.

Akikubaliwa, kuna njia mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni kukata mfupa, kuuzungusha pale mezani, na kuufunga kwa bamba la chuma au fito ya chuma ndani ya mfupa. Marekebisho yanakamilika siku moja, hakuna kitu nje ya ngozi. Lakini ukikosea digrii umeikosea, na mfupa hauwezi kurefushwa sana mara moja bila kuumiza neva. Ya pili ni fremu ya nje ya mapete na waya, kama ile iliyobuniwa na Gavriil Ilizarov nchini Urusi. Hurekebisha taratibu: kurefusha ni milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara 4 za robo milimita. Mpindo, mzunguko na ufupi hushughulikiwa pamoja, na kosa linaweza kusahihishwa njiani. Gharama yake ni muda. Kila sentimita ya mfupa mpya hudai mwezi mmoja au zaidi ndani ya fremu, na matundu ya waya huota maambukizi yasiposafishwa. Mzunguko peke yake, tuchague ya kwanza. Mzunguko pamoja na ufupi wa sentimita 3, au ngozi yenye makovu na historia ya usaha, fremu ina hoja nzito.

Upasuaji wa tishu laini ni mdogo zaidi na una wakati wake: kurefusha msuli wa kigimbi pale kunyoosha kuliposhindwa, au kuhamisha kano ya nyuma ya muundi kuja mbele iinue wayo, pale neva ambayo haijaonyesha dalili yoyote baada ya takriban mwaka mmoja inapokatiwa tamaa. Kano inayohamishwa haifanyi kazi kwenye kifundo kilichokaza, na hapo ndipo miezi ya kunyoosha kigimbi inapolipa hata kwa mtu ambaye neva yake haikurudi.

Kwa anayevuta sigara, daktari atataka aache wiki kadhaa kabla, kwa kuwa mfupa uliokatwa huunga polepole kwa mvutaji. Kigimbi kikivimba, kikiwa na joto na kuuma baada ya upasuaji au kipindi kirefu cha plasta, kisikandwe wala kunyooshwa. Kikaguliwe kwanza kama kuna damu iliyoganda.

Baada ya mfupa kunyooshwa, soli, kabari na viinua vya zamani viondolewe vyote kwenye viatu. Vilipimwa kwa wayo ambao haupo tena, na kabari ya milimita 4 iliyosahaulika ndani ya kiatu cha zamani inatosha kuurudisha mguu mpya kwenye tabia ya kale. Subiri hadi utembee bila magongo, rudia kipimo cha mkono na cha ukuta, ndipo upimwe upya.